Pacha wa Bi Mkasi

"Hajazaliwa bado shahidi wa kunitambua mimi nikishabadili nguo."

Kinyonga aliyasema hayo mbele ya kioo cha korido, akijifunga tai, na kioo kwa adabu zake hakikubisha. Jina la Kinyonga alijipa mwenyewe, baada ya kuona watu wanachelewa kumpa. Asubuhi ile alikuwa bwana harusi mtarajiwa anayetafuta mapazia: koti la kuazima kwa kinyozi wa chini, nywele zimepakwa mafuta hadi zinateleza, na puani miwani ya fremu nyeusi nzito. Miwani yenyewe haikuwa na vioo. Vioo vingemfanya aone ukungu, na mpelelezi, alivyopenda kusema, lazima aone.

"Umependeza," Shangazi aliita kutoka ofisini. "Unafanana na mtu aliyefukuzwa benki."

Shangazi alikuwa wakili wa kesi za haki za binadamu, dada mdogo wa baba yake, na mtu pekee duniani aliyekuwa tayari kumwajiri. Ofisi yake ilikuwa vyumba viwili juu ya kinyozi. Mashine za kunyolea zilinguruma kutwa chini ya sakafu, na mteja mwenye wasiwasi aliweza kudhani jengo zima linasikitika pamoja naye.

"Kaa usikilize, mtoto wa kaka yangu, maana kesho asubuhi tuko mbele ya majaji na mimi mikono mitupu." Shangazi alikuwa ameshika simu sikioni, akisubiri karani wa mahakama arudi hewani. "Ukienda mahakamani ukasema umebaguliwa, majaji hawakuulizi umelia kiasi gani. Wanakuuliza, umebaguliwa ukilinganishwa na nani? Kwa hiyo nataka pacha."

"Pacha wa nani?"

"Wa Bi Mkasi. Si wa kuzaliwa naye. Nataka mtu wa kazi ile ile, meza ile ile, ustadi ule ule, isipokuwa mguu tu. Nikionyesha kwamba huyu alitendewa hivi na yule akatendewa vile, mzigo wa kuthibitisha unashuka mabegani mwangu unapanda mabegani mwao. Hapo duka ndilo litakalotoka jasho kueleza sababu."

"Na nisipompata?"

"Basi kesho nitakuwa nimekwenda kusimulia hadithi. Nzuri, ya kusikitisha. Watanisikiliza vizuri kabisa, halafu watalitupa shauri."

Mwenye shauri alikuwa ameketi pembeni, kwenye kiti cha mbao, mkoba magotini. Alikuwa mama wa makamo mwenye uso wa kucheka na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake tangu alipozaliwa. Alikuwa akikata vitambaa katika duka kubwa la vitambaa la mtaa wa pili tangu Kinyonga hajajua kufunga kamba za viatu. Wateja ndio waliompa jina la Bi Mkasi, kwa sababu aliweza kukata mstari ulionyooka huku macho yake yako kwako, anakuuliza habari za mama mkwe. Mwaka jana akaja Meneja mpya. Bi Mkasi akaondolewa mezani, akapelekwa stoo, nyuma kabisa, kuhesabu majora kwenye mwanga wa taa. Hata mkasi wake, wenye uzi mwekundu uliozungushiwa mpini, ulibaki mezani.

Duka lilikuwa limejibu madai kwa ufupi. Kazi ya mezani ni ya kusimama kutwa. Wote wanasimama. Mwenye mguu ule hawezi, kwa hiyo alihamishwa kwa huruma.

"Mimi sitaki fidia ya kujengea ghorofa," Bi Mkasi alisema. "Nataka nirudi mezani kwangu, nione watu. Kule stoo naongea na majora, na majora hayana umbea." Kisha akamgeukia Kinyonga. "Mwanangu, kabla hujaenda, kuhusu vile viti..."

"Viti!" Kinyonga aliruka kama aliyekalia pini. "Lo, samahani mama! Muda wote huu umekalia ubao!" Akavuta kiti cha Shangazi chenye magurudumu, akamkalisha, akamsokomezea mto mgongoni na mwingine chini ya mguu. "Hapo vipi? Unauma?"

"Hauumi. Haujawahi kuuma. Nilitaka kukwambia..."

"Pumzika, mama. Kazi ya leo ina ngazi." Akamwinamia Shangazi, akashusha sauti. "Unadhani kesho ataweza kusimama kizimbani?"

Lakini karani alikuwa amerudi hewani, na Shangazi alimpungia mkono aondoke. Bi Mkasi alibaki na mito yake miwili, akimtazama kijana akishuka ngazi huku anapiga mluzi. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa zawadi ya viatu visivyomtosha.

*

Duka la vitambaa lilikuwa refu, limejaa majora kuta zote mbili hadi darini. Katikati ilipita meza ya kukatia, na nyuma ya meza walisimama wauzaji wanawake, kila mmoja mahali pake. Hewani zilielea nyuzi nyepesi zinazotoka kwenye vitambaa. Kinyonga alichagua muuzaji wa katikati, mama mnene mwenye rula ndefu ya mbao mkononi, ambayo aliitumia kupimia, kuonyeshea vitu na kukunia mgongo. Wenzake walimwita Mama Mita.

"Karibu, baba. Nikupe nini?"

"Mapazia, mama. Naoa." Kinyonga alijitahidi kuona haya.

"Hongera! Dirisha lina upana gani?"

"La kawaida."

"La kawaida lina upana gani, bwana harusi?"

Kinyonga alitanua mikono, akafikiri, akaipunguza kidogo. Mama Mita aliitazama ile mikono, akamtazama na mwenyewe, kisha akateremsha jora la maua ya bluu. Alipolikunjua, nyuzi zilipaa. Mmoja ulimwingia Kinyonga jichoni. Akajifikicha, akapenga, akaendelea na upelelezi.

"Mama yangu mzazi aliniambia hapa kuna fundi mmoja wa kukata, hana mfano. Ana mguu..."

"Anao miwili," Mama Mita alisema. Rula iligonga meza.

"Nimemkosa leo?"

"Chagua pazia, baba."

Hapo ndipo Kinyonga alipouona. Mkononi mwa Mama Mita, ukipita kwenye maua ya bluu, kulikuwa na mkasi mkubwa wenye uzi mwekundu kwenye mpini. Huyu mama alikuwa amesimama mahali pa Bi Mkasi, anatumia mkasi wa Bi Mkasi, na akitajiwa Bi Mkasi anakuwa mkali. Kinyonga alijiambia kwamba amempata mchawi wa kesi hii: mwenzake alimchongea kwa Meneja ili arithi nafasi.

Kwa msisimko akavuta kifungo cha koti, nacho kikakatika, kikadondoka, kikabingirika mezani na kuangukia upande wa wauzaji.

"Koti la kinyozi!" alinong'ona kwa uchungu.

"Kimeingia huku chini," Mama Mita alisema, na mguu wake ukasogea kidogo. "Pita uinue mwenyewe. Mimi kuinama siku hizi ni safari."

Kinyonga alizunguka, akapiga magoti. Kifungo kilikuwa ndani kabisa chini ya meza, na kukifikia ilibidi alale kifudifudi. Akiwa hapo, shavu liko sakafuni, akaona mambo.

Sakafu ilikuwa imetandikwa plastiki nene ya kijani. Kila aliposimama muuzaji, plastiki ilikuwa imebonyea vishimo vinne vya mviringo, vimekaa kama pembe za sanduku. Kwa ndani, meza ilikuwa na ubao wa mlalo ulioishiwa rangi kabisa, umelainika kama kizingiti cha mlango wa zamani. Kuna kitu chenye miguu minne kilichokandamiza sakafu ile miaka na miaka, na kuna nyayo zilizopumzika kwenye ubao ule.

Kisha akaona viatu. Viatu vizuri, vya visigino, vyenye urembo wa shaba. Mtu anayesimama kutwa kwa miaka haji kazini na visigino. Hivyo ni viatu vya mtu aliyezoea kukaa. Mama Mita alikuwa amekivua kimoja, na mguu ulikuwa umevimba kama mkate uliozidiwa hamira.

Hapa watu walikuwa wanakaa!

"Unatafuta kifungo au mafuta?" sauti ya kiume ilisema juu yake.

Kinyonga aliinuka, akagonga kichwa mezani, akainuka tena. Mbele yake alisimama kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi hadi kwenye kola. Meneja.

"Kifungo, bwana. Nilikuwa namhurumia mama huyu, miguu imemvimba. Hawana vitu vya kukalia?"

"Kazi ya hapa ni ya kusimama," Meneja alisema kwa upole wa mtu aliyekariri. "Imekuwa hivyo tangu duka lifunguliwe."

"Wewe upo tangu lifunguliwe?"

"Nimeanza mwaka jana."

"Aa."

Meneja alirekebisha kola ambayo haikuwa na kosa. "Mteja akiingia anataka kuona watu wamesimama imara. Duka lina sura yake, bwana. Kulikuwa na mama mmoja hapa, mguu wake una matatizo. Tulimhurumia tukampeleka ndani."

"Aliomba?"

"Huruma haingoji kuombwa," Meneja alisema, akatabasamu, akaenda kuwatabasamia wengine.

Kinyonga alinunua kitambaa cha maua ya bluu cha dirisha lisilokuwepo, akatoka.

*

Duka lilipofunga alasiri, kwenye mlango wa nyuma wa wafanyakazi alikuwepo fundi umeme mwenye kofia iliyovutwa hadi kwenye nyusi na waya begani. Alikuwa akiikagua taa ya mlango kwa makini, ingawa haikuwa imewashwa.

Mama Mita alitoka peku, viatu mkononi.

"Shikamoo, mama," fundi umeme alisema kwa sauti nzito ya kutengeneza. "Natafuta..."

"Marahaba, bwana harusi. Dirisha umeshalipima?"

Waya ulimponyoka. Kinyonga aliamua kwamba njia ya kujiokoa ni kushambulia. "Ule mkasi si wako!"

"Si wangu."

"Ni wa Bi Mkasi."

"Wa mwenzangu, ndiyo." Mama Mita alifungua mkoba, akatoa kifurushi cha kitambaa laini, akakifunua. Mkasi uling'aa, umepakwa mafuta, na uzi mwekundu ulikuwa mpya. "Mkasi usiokata unakufa, baba. Kila siku naukatia kitu, naupangusa, naenda kulala nao nyumbani ili asiuguse mtu mwingine hapo dukani. Siku atakayorudi mezani aukute unamsubiri. Wewe ulifikiri nini?"

Kinyonga alichunguza kwa makini ncha za viatu vyake.

"Ulifikiri mimi ndiye niliyemchongea," Mama Mita alisema, bila hasira. "Uso wako hauna pazia, mwanangu. Umetumwa na wakili wake?"

"Ni shangazi yangu. Mama, kesho ndiyo kesi. Wanasema nyote mnasimama."

"Sasa tunasimama. Siku ile wanamtoa mezani, tulikuwa tumekaa wote, na yeye kakaa, na mkasi unatembea. Meneja akamwambia yeye tu kwamba kazi hii ni ya kusimama. Mahakama ilipowaita ndiyo viti vya wote vikaondolewa, tufanane."

"Utakubali kuyasema hayo mbele ya majaji?"

Mama Mita alitazama mlango wa duka, kisha miguu yake. "Nina watoto wanaosoma kwa mshahara wa meza ile."

"Najua kwamba ni..."

"Hujui, lakini asante." Akaufunga mkasi ndani ya kitambaa, taratibu, kama anamvisha mtoto. "Nilipojifungua wa mwisho nikaumwa, alikata vyake akakata na vyangu, hakuna aliyejua nilikuwa nasinzia mezani. Nipeleke kwake. Na hizo ngazi zenu, kama zipo, utanishika mkono."

*

Chini mashine za kinyozi zilikuwa zimenyamaza kidogo, kwa hiyo jengo zima lilisikia wanawake wawili walivyopokeana.

"Umenenepa!"

"Stoo inanenepesha. Na wewe miguu hiyo umeazima kwa tembo?"

Walishikana, wakacheka, wakafutana machozi kwa ncha za khanga zao, wakacheka tena. Bi Mkasi alipofunua kitambaa akauona mkasi, aliufungua na kuufunga hewani mara kadhaa, ukasema maneno yake makali madogo.

Shangazi alipiga meza kidogo. "Mama Mita, nikwambie kabla hujakaa. Sheria inakataza mtu kufukuzwa kazi kwa kutoa ushahidi. Lakini sheria na Meneja hawalali chumba kimoja. Likitokea lolote, nitakuwa upande wako. Ukikataa sasa, hakuna atakayekulaumu humu ndani."

"Andika, wakili. Nikifika nyumbani nitaanza kuogopa."

Basi Shangazi akamweleza ile habari ya pacha, akachukua kalamu, akampa Kinyonga kazi ya kuuliza. Kinyonga alikuwa amekwisha kuvua kofia ya fundi umeme, akavaa tena miwani yake kwa ajili ya heshima ya tukio. Alisimama katikati ya chumba akatembea kidogo, mikono nyuma.

"Mama Mita. Kazi yako mezani ni ipi?"

"Kupima, kukata, kushauri mteja asijiaibishe."

"Ulikuwa unakaa mahali gani?"

"Katikati. Mwenzangu kona ya dirishani, anapenda mwanga."

"Kati yenu nani anakata vizuri zaidi?"

"Yeye. Ila usiandike kwa herufi kubwa."

"Meneja alisema nini siku ile? Kwa maneno yake."

"Alisema, 'Mama, hapa mbele ni pa watu wa kusimama.' Na sisi tumekaa tunamtazama."

Kalamu ya Shangazi ilikimbia. Kinyonga alizidi kupanda bei machoni pake mwenyewe. Alieleza jinsi alivyovigundua vile vishimo sakafuni, jinsi jicho la kawaida lisivyoweza kuviona. Kisha akamgeukia Bi Mkasi, uso ukalegea kwa wema, akapiga goti moja mbele ya kiti chake.

"Na wewe, mama. Mguu unaendeleaje leo? Nikuongezee mto?"

Mama Mita alianza kucheka. Alicheka kwa tumbo, kisha kwa mabega, hadi ikabidi ajishikilie kwa rula, ambayo kumbe alikuja nayo.

"Kuna nini?" Kinyonga aliuliza.

"Kwanza, vua hiyo miwani. Asubuhi uzi ulipokuingia jichoni ulijifikicha ndani ya fremu, kidole kikapita mpaka ndani. Nikasema, miwani haina vioo na mtu hana dirisha, huyu si mnunuzi. Kifungo chako nilikisukuma kwa mguu mimi, ndani kabisa, ili ulale chini uone sakafu. Nilidhani utachukua siku nzima, lakini hukuchelewa sana, nakusifu."

Shangazi aliweka kalamu chini ili acheke vizuri.

"Pili," Mama Mita aliendelea, na hapo kicheko kilipungua kikawa kitu kingine, chenye huruma na ncha. "Wakili, ile habari ya pacha uliyonieleza hapa nimeielewa sawasawa? Watu wawili wa kazi moja, mmoja anatendewa hivi, mwingine vile?"

"Umeielewa."

"Basi andika na hili. Tumekaa hapa wawili. Meza yetu moja, kazi yetu moja, chumba kimoja, mwulizaji mmoja. Mimi nimeulizwa kazi. Yeye kaulizwa mguu."

Chini, mashine moja ya kunyolea iliwaka ikanguruma peke yake.

Shangazi aligeuza uso polepole. "Bi Mkasi. Huyu mtoto alipochukua maelezo yako siku ya kwanza, alikuuliza nini?"

"Kama mguu unauma. Kama ninalala vizuri. Kama najisikia vibaya watu wakinitazama." Bi Mkasi alimwangalia Kinyonga kwa upendo ambao ulikuwa mgumu kuuvumilia. "Ni mtoto mzuri. Nilimwambia kuna habari ya viti, akaniletea kiti. Siku ya pili nikamwambia tena, akaniletea mto. Leo asubuhi mito ikawa miwili. Nikaona nikiendelea kusema ataniletea kitanda."

"Habari gani ya viti?" Kinyonga aliuliza kwa sauti ndogo, akiwa bado kwenye goti lake moja.

"Vile virefu vya mezani. Vyote viko stoo kwangu, vimepangwa ukutani, chini ya kila kimoja kuna jina la mwenye nacho kwa chaki. Changu pia kipo. Wakati wa mapumziko ndicho ninachokikalia."

Shangazi alishika kichwa, kisha akashika kalamu, akaanza kuandika ombi la majaji kwenda kuiona stoo. Aliandika kwa kasi, na midomo yake ilikuwa inatabasamu bila ruhusa.

"Nilikuwa nakuhurumia tu, mama," Kinyonga alisema.

"Najua, mwanangu." Bi Mkasi alichomoa mto mmoja mgongoni, akaukung'uta, akauweka kwenye kile kiti cha mbao cha pembeni. "Hata Meneja alianza hivyo hivyo."

Hakuna aliyecheka. Mama Mita alinyoosha rula yake, akamwonyesha Kinyonga ule mto.

"Kaa hapo," alisema. "Mzigo wa kuthibitisha umehamia kwako. Tunasikiliza."

Kinyonga alikaa. Alivua miwani, akaikunja, akatafuta mfuko wa kuitia na hakuupata. Mbele yake wanawake watatu walisubiri jibu, na yeye, aliyekuwa na nguo ya kila tukio, hakuwa na ya hili.